Hadithi, Uwongo na Baba Noeli

Kila mwaka Desemba inapokaribia, huzuka katika makanisa yetu, na mara nyingi katika vyumba vya walimu pia, mabishano ambayo hayajapata kumalizika. Je, yamfaa Mkristo kumwacha mwanawe asadiki kwamba yuko mzee mwenye ndevu nyeupe na joho jekundu, ambaye usiku wa kuamkia Noeli huizunguka dunia nzima akiwagawia zawadi watoto wenye tabia njema? Katika miji yetu ya Burundi, Rwanda na Kongo mzee huyo huitwa Papa Noeli, au Baba Noeli kwa wapendao usanifu; ndugu zetu wa Kenya na Tanzania humwita Baba Krismasi. Hakuzaliwa kwetu. Aliletwa na meli, na shule, na biashara. Lakini sasa yumo katika vitabu vya kusomea vya Kifaransa na vya Kiingereza, na mwezi mzima husimama mbele ya maduka ya mjini, pamba ya ndevu zake ikilowa jasho. Kwa hiyo swali hili ni letu pia. Na kwetu sisi walimu wa lugha ni letu kwa namna ya pekee, kwa sababu ndani yake mna swali la maneno: hadithi ni nini, uwongo ni nini, na mpaka baina yao u wapi?

Wamshitakio mzee huyu hawasemi jambo moja. Wako wasemao kwamba anamnyang'anya Mtoto Yesu siku yake. Wako wasemao kwamba amevikwa sifa zisizomstahili kiumbe: ajua matendo ya watoto wote, afika kila mahali kwa usiku mmoja, na humlipa kila mtu kwa kadiri alivyotenda. Na wako wengine, ambao twaona hoja yao ndiyo nzito, wasemao kwamba mzazi anayemsimulia mtoto habari hizo na kuziapia anasema uwongo mtupu; na siku mtoto atakapougundua atajiuliza moyoni: ikiwa baba na mama walinidanganya juu ya huyu nisiyemwona, itakuwaje juu ya yule mwingine nisiyemwona, ambaye kila jioni hunipigisha magoti mbele yake?

Hoja moja tungependa kuiondoa njiani mapema. Wahubiri wengine hufundisha kwamba jina la Kiingereza la mzee huyu, Santa, likipangwa upya herufi zake hutoa Satan, yaani Shetani, na hapo hudhani kesi imekwisha. Mwalimu wa lugha hana budi kutabasamu. Kwa hesabu hiyo neno letu «imani» lingekuwa hatarini, maana herufi zake zikichanganywa hutoa «maini». Jina hilo lilitokana na la Kiholanzi, Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nikolasi, na habari yenyewe yaanzia kwake.

Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, mji wa pwani ya kusini ya nchi iitwayo leo Uturuki, katika karne ya 4. Yanayojulikana kwa yakini juu ya maisha yake ni machache, bali masimulizi ni mengi. Lililo mashuhuri kuliko yote ni la baba mmoja fukara aliyekuwa na binti watatu, naye hakuweza kuwaoza kwa kukosa mahari, ambayo katika nchi ile ilitolewa na upande wa bibi arusi. Ilibaki kidogo wasichana wale watumbukie katika maisha ya aibu. Nikolasi akapita usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake. Akafanya hivyo mara ya pili. Mara ya tatu yule baba akamvizia, akamkimbilia, akamjua. Naye Nikolasi akamsihi asimtajie mtu jina lake maadamu yu hai. Msomaji azingatie kiini cha simulizi hili, maana tutakihitaji mbele: mtoaji ni mtu, anatoa kwa siri, na wale wapewao hawakupimwa kwanza tabia zao. Walikuwa na shida, basi.

Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, Italia, waliihamisha mifupa ya askofu huyo hadi mjini kwao, na sifa zake zikaenea zaidi katika Ulaya ya Magharibi. Mpaka leo watoto wa Ubelgiji humngoja tarehe 6 Desemba, na Wabelgiji waliokaa Kongo hadi mwaka 1960 na Ruanda-Urundi hadi mwaka 1962 walikuja naye katika mizigo yao. Katika karne ya 16, Martin Luther na wafuasi wake, ambao hawakupenda heshima wapewayo watakatifu, waliihamishia zawadi siku ya Noeli, na mleta zawadi akawa Mtoto Kristo mwenyewe. Hapa pana kinaya cha kustaajabisha. Kwa kuogopa uzushi wa askofu apitaye usiku, waliupa uzushi uleule jina la Bwana wao. Nao watoto wa Ujerumani wakaambiwa kwamba mwanasesere aliyewekwa mezani ameletwa na Kristo kwa mkono wake. Leo desturi hiyo imebaki zaidi kwa Wakatoliki wa Austria na wa kusini mwa Ujerumani. Ikiwa kweli mtoto agunduaye udanganyifu huitupa imani yake pamoja nao, basi lipi lilikuwa la hatari zaidi, kumsingizia Nikolasi au kumsingizia Kristo?

Wengine walikwenda mbali zaidi. Wapuritani wa Massachusetts waliipiga marufuku sikukuu yote mwaka 1659, na mtu aliyeonekana akiiadhimisha alitozwa shilingi 5. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 1681. Huko huko Marekani, mnamo 1823, gazeti moja la mji wa Troy lilichapisha shairi lisilo na jina la mtunzi, lililompa Nikolasi gari la kuteleza juu ya theluji na kulungu wanane wa nchi za baridi kulivuta. Taratibu kofia ya kiaskofu ikamtoka kichwani, na maduka yakamaliza kazi iliyobaki.

Basi tufike Dijon, Ufaransa, mahali ambapo mashitaka haya yalifanyiwa hukumu ya hadharani. Jumapili tarehe 23 Desemba 1951, saa tisa alasiri, sanamu ya Baba Noeli ilitundikwa kwenye uzio wa chuma wa kanisa kuu la mji huo, kisha ikachomwa moto mbele ya mamia kadhaa ya watoto wa vikundi vya malezi vya kanisa. Mapadre walikuwa wameafiki. Mshitakiwa aliitwa mnyang'anyi wa kiti kisicho chake, na mzushi. Taarifa iliyotolewa ilitaja sababu ya malezi: kwamba hisia za dini haziamshwi kwa uwongo. Mji ukagawanyika. Meya, Félix Kir, ambaye mwenyewe alikuwa padre, alikataa kuegemea upande wowote. Na kesho yake jioni, kwenye paa la jumba la manispaa, Baba Noeli akatokea tena mbele ya watu, mzima kabisa.

Twakubali kwamba mapadre wale walikuwa na haki katika neno lao. Tendo lao ndilo lisilotuingia akilini. Asiyekuwapo hachomwi. Kumtundika na kumwasha moto ni kumtolea ushahidi kwamba yupo, tena ana nguvu za kutosha kuogopwa. Na wale watoto mia kadhaa, waliosimamishwa uwanjani katika baridi ya Desemba, walijifunza nini machoni pao? Kwamba mzee mwenye ndevu, ambaye jana alikuwa rafiki yao, leo anaweza kutiwa moto mlangoni mwa nyumba ya Mungu na watu wazima wakatazama. Miaka 70 baadaye, Desemba 2021, askofu wa Noto katika kisiwa cha Sicily alitumia maneno matupu pasipo moto: aliwaambia watoto waziwazi kwamba mzee huyo hayupo. Wazazi wakachukizwa, na haikupita siku nyingi msemaji wa jimbo lake akaomba radhi. Kati ya moto wa Dijon na radhi ya Noto twaona jinsi Wakristo wenyewe walivyokosa mahali pa kusimama.

Pengine ni kwa sababu hawajaafikiana juu ya neno lenyewe, uwongo. Katika jambo hili hatuna mwalimu mkali kuliko Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria. Mnamo mwaka 395 aliandika kitabu juu ya uwongo, na yapata miaka 25 baadaye akaandika cha pili. Aliupanga uwongo katika aina 8, kuanzia ule mzito hadi ule mwepesi, na hakuna hata mmoja alioupa ruhusa. Tena uwongo alioutanguliza kwa uzito ni ule usemwao katika kufundisha dini. Kwa kipimo hiki Luther na mwanasesere wake wana kesi ya kujibu. Lakini Augustino huyo huyo, kabla hajaanza kuhesabu, aliutenga mzaha kando. Mzaha, asema, si uwongo, kwa kuwa sauti ya msemaji na hali yake huonyesha dhahiri kwamba hakusudii kumdanganya mtu.

Tafakuri hii ya Augustino yatufaa sana, maana wahenga wa pwani waliipata kwa njia yao wenyewe. Mtambaji wa hadithi hakurupuki. Husema kwanza: Paukwa! Nao watoto hujibu: Pakawa! Sisi tufundishao ngano darasani aghalabu huyapita maneno haya mawili kana kwamba ni pambo la kuamshia wanaosinzia. La hasha, ni mkataba. Anayesema Paukwa anatangaza kwamba sasa anatoka katika ulimwengu wa ushahidi na kuingia katika ulimwengu mwingine. Anayejibu Pakawa ametia sahihi yake kwamba anatoka pamoja naye. Baada ya hapo sungura na aseme, fisi na aoe, zimwi na limeze kijiji kizima na kukitapika kikiwa kizima. Mtoto ataogopa hofu ya kweli, atamshika bibi yake mkono gizani. Lakini asubuhi hataamka akasema: bibi, jana ulinidanganya. Mlango alioingilia anaujua. Ni ule ule wa vitendawili: hutegi mpaka mwenzako aseme Tega.

Baba Noeli, jinsi anavyosimuliwa Ulaya na Marekani, hana Paukwa. Hatangazwi kwa sauti ya hadithi. Hutolewa habari zake kwa sauti ile ile inayosema chakula kiko mezani na kesho kuna shule. Tena huongezewa vielelezo: biskuti iliyoumwa nusu na kuachwa sahanini, barua iliyoandikwa kwa mwandiko uliogeuzwa, nyayo za majivu mbele ya meko. Hapa ndipo twaona mashitaka ya Wakristo yana mashiko. Hadithi haihitaji vielelezo. Hakuna bibi aliyepata kuleta unyoya wa jogoo aliyesema ili kuthibitisha ngano yake. Mtu akianza kutengeneza ushahidi, ajue ameshatoka katika utambaji.

Lugha yetu yenyewe yaonyesha kwamba jambo hili tulikuwa tukilifahamu. Tuna ngano, hekaya, kisa na hadithi kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine tuna uwongo, uzushi na hila. Na katikati tuna msemo mdogo wenye haya, «danganya toto», yaani kitu apewacho mtoto ili anyamaze, kisicho na thamani kilichovikwa sura ya thamani. Mtu hasemi «danganya toto» kwa kujisifu.

Wala tusifanye haraka kuwacheka wageni. Mama wa kwetu atakaye kwenda sokoni pasipo kufuatwa humwambia mwanawe kwamba aenda hospitali kupigwa sindano. Baba hutishia kuita askari. Mtoto akiuliza mdogo wake ametoka wapi, huambiwa alinunuliwa hospitali. Anayepiga mluzi usiku huambiwa anaita nyoka. Twawajua Wakristo hodari wasioruhusu hata picha ya Baba Noeli nyumbani mwao, na ambao kila Jumatatu asubuhi huenda kazini kwa kunyemelea mlango wa nyuma, wakimwacha mtoto akiwatafuta chini ya kitanda. Uwongo huo haumletei mtoto hata peremende.

Augustino mwenyewe alijua kwamba si rahisi. Katika kitabu chake cha pili aliweka mfano ambao hakuuficha uchungu wake: mtu mgonjwa sana ana mwana mmoja mpendwa, mwana amekufa, mgonjwa hajui, auliza, mwanangu yu hai? Ukisema kweli, huenda habari ikamuua. Augustino akiri kwamba mfano huo wamtikisa, na hata hivyo hatoi ruhusa. Msomaji anaweza kumkatalia, wengi wamemkatalia. Lakini hebu atazame jinsi mfano huo ulivyo mbali na Baba Noeli. Pale ni uhai wa mtu. Hapa hakuna mgonjwa. Kuna mtu mzima anayefurahia macho ya mtoto yakimeta, na furaha hiyo, tukisema kweli, ni yake mwenyewe kama ilivyo ya mtoto.

Utafiti nao waelekea huko. Mwaka 1994 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Anderson na Prentice, walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 52 waliokwisha kuacha kumsadiki Baba Noeli. Wengi walikuwa wameigundua siri wenyewe, kwa wastani wakiwa na miaka 7, na walieleza kwamba hisia zao zilikuwa njema kwa jumla. Waliohuzunika zaidi walikuwa wazazi. Kwa hiyo hatuwezi kushikilia kwamba kila mtoto aliyedanganywa hivi ataitupa imani yake. Mamilioni ya waumini wa Ulaya walilelewa na Baba Noeli na wangali wanasali. Nao walioacha kusali wana sababu nyingine nyingi. Hofu hiyo twaona imetiwa chumvi.

Kuna tukio jingine ambalo hutajwa kila mara kwa kumtetea mzee huyu. Mwaka 1897 msichana wa miaka 8 wa New York, Virginia O'Hanlon, alisikia kwa rafiki zake kwamba Baba Krismasi hayupo. Baba yake akamshauri aliulize gazeti la The Sun. Tarehe 21 Septemba mwaka huo mhariri Francis Church akamjibu gazetini kwamba yupo, kama vile upendo na ukarimu vilivyopo ingawa havionekani. Jibu hilo limechapwa upya mara zisizohesabika, na Virginia, ambaye alipokua alikuwa mwalimu kama sisi, aliliheshimu hadi kifo chake mwaka 1971. Hatuna la kumfundisha juu ya moyo wake mwenyewe. Hata hivyo jibu lile, kwa uzuri wake wote, ni hila ya maneno. Mtoto aliuliza juu ya mtu, akajibiwa juu ya tunu. Aliuliza «yupo?» kwa ngeli ya kwanza, akajibiwa «upo» kwa ngeli ya upendo na ukarimu, nao Waingereza kwa bahati mbaya hawana ngeli za kumwamsha msomaji. Kwa Kiswahili hila hiyo ingekwama katika kiambishi.

Mwanazuoni Claude Lévi-Strauss, aliyeandika juu ya moto wa Dijon katika jarida moja la Paris mwezi Machi 1952, aliona jambo ambalo mapadre na watetezi wote walilipita. Alisema kwamba Baba Noeli awagawanya watu katika makundi mawili, wasiojua na wanaojua, kama zifanyavyo desturi za kuwatia vijana utuuzimani. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kumwelewa. Wachewa wa Malawi wana vinyago vya nyau, ambavyo asiyetiwa jandoni hupaswa kuvisadiki kuwa ni wanyama au mizimu. Kote ambako jando na unyago vipo, kuna yasiyosemwa mbele ya watoto na yanayofunuliwa wakati ukifika. Kwa nini basi hatusemi kwamba wazee wale ni waongo? Twadhani ni kwa kuwa siri yao ina siku yake na ina mwenye kuifungua. Kungwi huketi na mwari akamfunulia, na baada ya kumfunulia humkabidhi wajibu: sasa wewe ni mwenzetu. Mtoto wa Ulaya mara nyingi huifungua siri kwa kugonga kabati lililofichwa zawadi, au kwa kuchekwa na wenzake uwanjani. Hakuna anayemketisha. Huachwa mlangoni mwa utu uzima akiwa peke yake.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba watoto wote hupewa zawadi. Sasa tufike penye uzito.

Mwaka mmoja mwenzetu anayefundisha darasa la 5 aliwapa wanafunzi zoezi lililotoka katika kitabu cha kusomea: wamwandikie barua Baba Noeli. Tulisaidiana naye kusahihisha. Wengi waliomba mpira, viatu, baiskeli, gauni. Mvulana mmoja hakuomba kitu. Aliuliza. Alitaka kujua ni kosa gani alilotenda mwaka uliotangulia, ili aliache. Alieleza kwamba alimchotea mama yake maji kila siku kabla ya kwenda shule, kwamba hakuiba, na kwamba alishika nafasi ya 4. Jirani yake, mwana wa mwenye duka, alikuwa amerudia darasa na kupigana karibu kila juma, lakini asubuhi ya Noeli alionekana barabarani juu ya baiskeli mpya. Mwandishi hakulalamika. Alidhani tu kwamba kuna dhambi yake asiyoijua, naye mzee anaijua. Sarufi ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mahali pa kutia wino mwekundu.

Hili ndilo twaona kuwa kiini cha shauri lote. Uwongo ulio mbaya katika habari za Baba Noeli si kwamba yupo. Ni kwamba ni hakimu mwenye haki. Kuwapo kwake mtoto atakugundua kuwa si kweli akifika miaka 7 au 8, na atacheka. Lakini lile fundisho lililofichwa ndani, kwamba wapatao ni wema na wakosao ni wabaya, halina siku ya kufunuliwa. Huzama. Mtoto maskini hulibeba kama aibu. Mtoto wa tajiri hulibeba kama sifa, akadhani baiskeli yake ni cheti cha tabia. Wakisha kuwa wakubwa watu hawa, mmoja atainama mbele ya mwenzake pasipo kujua kwa nini, na mwenzake ataona kuinamiwa huko ni haki yake.

Wakristo wanaomwogopa Baba Noeli kwa sababu ya rangi ya joho lake wangefaa kukifungua kitabu cha Ayubu. Rafiki zake Ayubu walikuja kumtazama katika majivu, nao walikuwa na hakika kwamba aliyepatwa na hayo hana budi kuwa ametenda dhambi. Na mwishoni mwa kitabu ni wao wanaokemewa. Baba Noeli ni rafiki wa tano wa Ayubu, baada ya wale watatu na Elihu. Lakini je, ni yeye peke yake? Katika miji yetu leo kuna mimbari ambako Baba Noeli hulaaniwa Desemba nzima, na ambako miezi kumi na mmoja mingine waumini huambiwa kwamba gari na nyumba ya ghorofa ni dalili ya kukubaliwa na Mungu, na ufukara ni dalili ya imani haba. Hao wameichoma sanamu na kuyahifadhi mafundisho yake. Nikolasi wa simulizi, aliyetupa dhahabu dirishani pasipo kuuliza tabia za wasichana waliolala ndani, hawamjui.

Walimu wenzetu watatuuliza: basi tumjibu nini mtoto anaposimama darasani na kuuliza kama ni kweli? Twaona yafaa kwanza kusikiliza sauti ya swali. Mtoto anayeuliza kwa kucheza anaomba Paukwa, naye apewe. Mwalimu abadilishe sauti, darasa zima lijue kwamba sasa tunatamba. Mtoto anayeuliza kwa dhati asipewe «ndiyo» na mwalimu yeyote, kwa kuwa ulimi huo huo ndio utakaomfundisha kesho hesabu, historia na maana ya neno kweli. Wala si lazima kuivunja nyumba ya mtu mbele ya watoto 50, kama ilivyofanyika Noto. Swali hilo twaweza kumrudishia mzazi, kisha tukampelekea mzazi habari kwamba siku imefika. Mzazi amketishe mwanawe, amsimulie habari za askofu wa Myra, na kama ana uwezo amkabidhi kazi: mwaka huu wewe utakuwa miongoni mwa watoao, na usionekane. Kuhusu barua za kumwandikia Baba Noeli, twapendekeza ziondolewe katika mazoezi, hasa katika madarasa ambamo mwana wa mwenye duka na mwana wa mchota maji huketi dawati moja.

Yule mwenzetu aliliondoa. Mwaka uliofuata aliweka mada nyingine: «Eleza habari za mtu aliyekupa kitu wala hukumwomba.» Insha zilikuwa na makosa mengi zaidi ya sarufi kuliko zile barua, maana wanafunzi waliandika mbio mbio. Msichana mmoja aliandika juu ya shangazi yake aliyeuza kuku ili kumnunulia madaftari. Mwingine aliandika juu ya abiria mmoja aliyempakata njia nzima ya kwenda kwenye mazishi ya babu yake. Mvulana mmoja aliandika kwamba kandambili zake zilichukuliwa na maji ya mvua, na siku ya tatu alikuta nyingine mlangoni, zimefungwa kwa uzi, za kipimo chake. Alikuwa amekwisha kuwauliza watu wote wa nyumbani, na majirani wa pande zote mbili, na kila mmoja alikana.